Bakshishi ya Haraka na Akili ya Mfanya Kazi

Sisi wa karakana tumeombwa tuseme machache juu ya bakshishi ya haraka kabla hamjapiga kura.

Kwanza habari yetu wenyewe. Siku moja behewa la mizigo lilitoka relini hapa yadini. Jeki ilikuwa fupi, haikufika. Msimamizi akasema, atakayepata njia ya kuliinua kwanza atapewa shilingi 500. Basi tukaanza kukimbia! Huyu stoo, yule stesheni kutafuta jeki kubwa, wala hatukusemezana, maana kila mtu alizitaka shilingi hizo peke yake. Saa nzima ikapita. Kijana mtia mafuta, ambaye hakuhesabiwa katika mashindano hayo, ndiye aliyeuliza, mbona hamweki jeki juu ya mataruma haya? Mataruma yenyewe ni yale ya mbao tunayoyakalia kila siku tukila ugali. Macho yetu yaliyaona, lakini akili ilisema, hili ni benchi.

Tuliona haya. Baadaye, katika darasa la jioni, tuliambiwa kwamba si ujinga wetu tu. Mjerumani Karl Duncker aliandika juu ya jambo hili mwaka 1935. Aliwataka watu wasimamishe mishumaa midogo mlangoni, akawapa vitu vingi, pamoja na misumari midogo na visanduku. Njia ni kupigilia kisanduku mlangoni, kisha kusimamisha mshumaa juu yake. Visanduku vilipokuwa vitupu, watu waliweza. Vilipokuwa vimejaa vitu, wengi walishindwa, kwa sababu waliona chombo cha kuwekea vitu, basi.

Mwaka 1962 Sam Glucksberg wa Marekani aliongeza fedha katika jaribio kama hilo. Wa kwanza kabisa aliahidiwa dola 20. Kisanduku kilipokuwa kimejaa misumari, walioahidiwa fedha walichelewa kuliko wasioahidiwa, kwa zaidi ya dakika 3. Lakini misumari ilipotolewa nje, njia ikawa wazi, hao wa fedha walikuwa wepesi zaidi. Yaani tamaa ya zawadi humsukuma mtu mbele katika njia ile ile aliyoishika kwanza. Ikiwa ni njia mbaya, atazidi kupotea.

Hatusemi fedha ni mbaya. Anayetaka kukataa shilingi na amwulize mkewe kwanza.

Twaomba tawi lijibu hivi: kwa kufunga bolti, kazi ambayo kila mtu aijua, bakshishi na ijadiliwe. Kwa kutafuta ubovu, fedha hizo ziingizwe katika mshahara wa wote, nasi tupewe dakika 10 za kusimama na kusemezana kabla ya kugusa spana, mtia mafuta naye akiwamo.

Yule kijana hajaziona shilingi 500 mpaka leo. Msimamizi asema jina lake halikuwa katika orodha.