Mguu Unauma Wapi, na Unauma Lini?



Mtu akifika zahanati na kusema tu "mguu unauma", mhudumu bado hajapata pa kuanzia. Anataka kujua unauma wapi, saa ngapi, na kama ni mmoja au yote miwili. Mara nyingi majibu hayo husaidia kuliko eksirei, ingawa wengi huja wakidai picha kwanza.

Mama muuza mboga anayesimama kutwa kwenye saruji akiwa na ndara nyembamba huamka asubuhi, na hatua ya kwanza ni kama amekanyaga msumari kisiginoni. Akitembea kidogo hupata nafuu, jioni maumivu yanarudi. Kilichoumia ni utando mgumu unaotoka kisiginoni hadi vidoleni, na mhudumu huutambua kwa kubonyeza chini ya kisigino. Viatu vya soli nene, mazoezi ya kunyoosha mguu na subira ya miezi kadhaa huwaponya wengi.

Kidole gumba kikivimba ghafla usiku, kikawa chekundu na kisitake hata kuguswa na shuka, huenda ni jongo. Mtoto mchanga akivimba viganja na nyayo huku akilia, apimwe selimundu, hasa kanda ya Ziwa Victoria na Pwani.

Nyayo zote mbili zinapowaka kama zimepakwa pilipili, tatizo huwa kwenye neva. Kisukari huleta hali hiyo. Vilevile pombe nyingi, upungufu wa vitamini B12, na dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi, ndiyo maana wengi wanaoitumia hupewa piridoksini pamoja nayo.

Hapa ndipo watu hudanganyika. Mwenye kisukari ambaye moto wa nyayo umezimika hufurahi kwamba amepona, kumbe neva zimekufa ganzi. Anaweza kutembea na mwiba siku nzima bila kujua. Kipimo chake ni rahisi: mgonjwa hufumba macho, mhudumu humgusa unyayo kwa uzi laini wa plastiki, naye aseme akihisi. Kifanywe angalau mara moja kwa mwaka.

Nyumbani, nyayo zikaguliwe kila jioni, hata katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama asaidiwe na mjukuu. Kidonda, weusi, harufu mbaya au mguu uliovimba na kupata joto, hata usipouma, upelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.