Mizani Haiulizi Rangi ya Mtu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na viongozi, siku ya kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu



Halmashauri imeniamuru niseme maneno machache juu ya ubaguzi wa rangi, na jinsi jamii kama yetu iwezavyo kuukabili na kuupunguza. Nilipoarifiwa nilidhani nimekosewa. Nilitazamia kupewa habari za mihogo, nazi au maziwa, mambo ambayo nimeyazeekea. Lakini nilipofikiri niliona kwamba Halmashauri haikukosea. Kwa maana ushirika ulizaliwa katika nchi iliyogawanywa kwa rangi, na jambo lililotokea kwetu miaka mitatu iliyopita laonyesha kwamba mgawanyo ule haujafutika mioyoni.

Wengi wenu ni vijana, basi niruhusuni niwakumbushe. Mji huu wa Dar es Salaam ulipangwa na wakoloni kwa sehemu tatu: Uzunguni upande wa bahari, Uhindini penye maduka, na Uswahilini kuanzia Kariakoo kwenda bara. Kanuni za ujenzi za Mwingereza zilitaja aina ya nyumba tu, wala si rangi ya mtu; lakini kila mmoja alijua ni nani awezaye kujenga nyumba ya aina gani. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo twapumzikia, uliachwa wazi ili uitenge Kariakoo na Uhindini. Na baada ya Vita Kuu ya Pili, watu walipozidi kuja mjini, serikali ilipima viwanja vya Waafrika huku Temeke, na Magomeni, na Kinondoni. Sisi tunaokaa pembezoni tumerithi ramani iliyochorwa na ubaguzi.

Shule nazo zilikuwa hivyo hivyo: mtoto wa Kizungu kwake, wa Kihindi kwake, na wa Kiafrika kwake, mpaka zilipounganishwa mwezi Januari 1962. Mimi nilikuwa mtoto siku hizo. Marehemu baba yangu alikuwa akipeleka mbata kwa baiskeli kwa mfanyabiashara mmoja mjini. Yeye alisimama upande huu wa meza, na mizani ilikuwa upande wa pili, uso wake umeelekea kwa mwenye duka. Baba alipokea alichopewa. Njiani tukirudi alikuwa akisema, "Wahindi ni wezi," nami nikalishika neno hilo kama mtoto ashikavyo neno la mzazi.

Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba baba alikuwa na haki ya kukasirika, ila alikosea kumtaja mkosaji. Kulikuwa na mtu mmoja mwenye mizani iliyogeuzwa. Tena kulikuwa na sheria ya kikoloni iliyofanya deni la Mwafrika lisidaiwe mahakamani pasipo kibali cha serikali, hata hakuna aliyethubutu kumkopesha mtaji wa kufungua duka. Hayo mawili ndiyo yaliyompunja baba. Watu wa kabila zima hawakuwamo dukani siku ile.

Wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walilifahamu jambo hili mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Paul Bomani na wenzake walipokuwa wakiwaongoza, waliweka wapimaji wao wenyewe wa kusimamia mizani wakati wa kuuza pamba. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, na kabla ya Uhuru wa 1961 karibu pamba yote ya jimbo lile ilipita mikononi mwa ushirika. Walitaka mizani iangaliwe na macho ya pande mbili, wakaipata, pasipo kumwaga damu ya mtu.

Mfano wa pili ni wa siasa. Katika uchaguzi wa 1958 serikali ya kikoloni iliamuru kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ilikuwa amri ya matusi, na wengi katika TANU walitaka kuususia uchaguzi. Mkutano wa Tabora, mwezi Januari mwaka ule, uliamua kushiriki. Zuberi Mtemvu akajitenga, akaanzisha chama chake cha kudai Afrika kwa Waafrika peke yao. TANU iliwaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu waliokubaliana na shabaha yake, kama Amir Jamal, Sophia Mustafa na Derek Bryceson, nao wakashinda. Mpango uliokusudiwa kutugawa ukatuunganisha. Mtemvu aliposimama kuomba urais mwaka 1962, hakupata hata kura 2 katika kila 100.

Hata hivyo hasira haikwisha. Mwezi Oktoba 1961, wakati wa mjadala wa uraia, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa watu weusi tu. Mwalimu Nyerere aliwapinga waziwazi, akaonya kwamba ukianza kuwabagua watu kwa rangi hutaishia hapo. Mwaka 1995 alilirudia onyo hilo, akaufananisha ubaguzi na kula nyama ya mtu: aliyeionja haachi.

Jirani zetu wa Uganda waliionja mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Watu walishangilia barabarani. Lakini viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikadidimia, na mkulima wa miwa akabaki na miwa yake shambani. Maduka yaligawiwa wapendwa wa serikali, wala si wakulima. Nasi tusijione watakatifu: wengi waliofukuzwa walikuwa majirani zetu, na kwetu pia maneno ya namna ile yamekuwa yakisemwa vijiweni hadi leo.

Sasa nafika nyumbani. Miaka mitatu iliyopita, katika chama kimoja cha msingi, bibi mmoja mwenye asili ya Kihindi aliomba uanachama. Amezaliwa Temeke, ni raia, ana shamba la mboga na ng'ombe wanne. Ada na hisa alizileta. Maombi yake yaliahirishwa mara tatu. Mkutanoni mzee mmoja alisimama akasema, "Tukimwingiza huyu, kesho atatumeza." Watu wakapiga makofi.

Ndugu zangu, mzee yule ni mimi. Nilikuwa nasema neno la baba yangu juu ya mtu ambaye baba hakumjua.

Aliyenirudi ni karani wetu, binti mdogo kuliko wajukuu zangu. Hakunitukana. Alisoma masharti ya chama, kisha akauliza, "Babu, ni sharti lipi ambalo huyu mama hakulitimiza?" Sikuwa na jibu. Aliingizwa, na tangu siku hiyo maziwa yake yapimwa pamoja na yetu, mbele ya macho ya wote.

Kutokana na aibu yangu nimejifunza mambo manne, nami nawaomba myapeleke katika vyama vyenu.

La kwanza, tufuate masharti yaliyoandikwa. Msingi wa kwanza wa ushirika duniani, uliothibitishwa tena Manchester mwaka 1995, wasema kwamba mlango wa chama u wazi kwa kila awezaye kutimiza wajibu wake, pasipo kubagua rangi, dini, siasa wala jinsia. Ombi likikataliwa, sababu iandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Ubaguzi hauna nguvu ya kujiandika.

La pili, malalamiko yataje tendo, yasitaje kabila. Mnunuzi akipunja kilo 5, semeni amepunja kilo 5, siku fulani, kwa mizani fulani. Hapo Halmashauri itaweza kumshitaki. Mkisema "watu wale ndivyo walivyo," mwizi ameponea katika umati, na asiye na hatia ameumizwa.

La tatu, tujipime wenyewe. Ajaye kutoka Mtwara au Kigoma kulima Chamazi au Bunju tusimwite wa kuja. Wazaramo na Wanyamwezi walijua kutaniana wakazikana. Lakini utani una pande mbili. Dhihaka isiyojibika si utani.

La nne, tuchunge tuyasemayo mbele ya watoto. Neno moja la njiani, juu ya baiskeli, nililibeba zaidi ya miaka sitini.

Bwana Mwenyekiti, miaka kumi tumejisifu kwa mizani iliyo wazi. Mizani hiyo haiulizi rangi ya mtu aliyeleta mzigo. Basi nasi tuliokabidhiwa kuitunza tusiulize. Yule mama yupo hapa leo, ameketi safu ya tatu. Sijapata kumwomba radhi mbele ya watu. Naomba mnishuhudie: Mama, uniwie radhi.