Dizeli Ileile, Vijiji Zaidi: Jinsi ya Kupunguza Ulaji wa Mafuta katika Pikapu Kuukuu

(Haya ni maelezo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wamiliki, madereva na mafundi wa pikapu, katika viwanja vya ofisi ya kata.)



Wengi wenu mnanifahamu kwa sauti kuliko kwa sura. Mimi ndiye ninayepita na pikapu ya matangazo, ile nyeupe yenye vipaza sauti juu ya kibanda. Ninasema hivi mapema ili asiwepo anayedhani amealikwa kumsikiliza fundi. Stashahada yangu ni ya mawasiliano ya umma. Yale nitakayoyaeleza nimejifunza kwa kulazimika, na mafundi wawili walioketi pale nyuma wana ruhusa kamili ya kunisahihisha.

Nililazimika hivi. Msimu wa mvua uliopita, siku ya huduma ya mkoba ya chanjo ilibadilishwa kutoka Alhamisi kuwa Jumanne. Tuliondoka makao makuu na mgao wa dizeli ambao, kwa hesabu ya kwenye karatasi, ungetosha kuzunguka vijiji vyote vya kata hii. Haukutosha. Mshale uligusa wekundu vikiwa vimebaki vijiji viwili vya mwisho, tukageuza. Mtandao wa simu wa kule mnaujua wenyewe. Alhamisi ile watu walitembea na watoto mgongoni hadi zahanati, wakaambiwa kwamba wahudumu walikwisha kuja na kuondoka. Bibi mmoja aliyekuwa amembeba mjukuu wake aliniuliza, bila kupandisha sauti: “Mwanangu, tangazo lenu huwa linaishia wapi?”

Sikuwa na jibu. Kuomba mgao uongezwe niliomba, na majibu ya maombi ya namna hiyo mnayafahamu. Bei ya dizeli nayo haimo mikononi mwetu. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kadiri wilaya inavyokuwa mbali na bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara ndivyo gharama ya kuisafirisha inavyoingia katika bei ya kituoni. Kilichobaki ni kuuliza dizeli tuliyo nayo inapotelea wapi. Pikapu yetu ni Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya 3L, ile ya sentimita za ujazo 2,779 isiyo na taboo wala kompyuta. Najua wengi wenu mnazo kama hizo, au ndugu zake wa 2L na 5L, na ndizo zinazobeba mahindi, mchanga, wagonjwa na maharusi wa kata hii. Ndiyo maana nimeona yaliyotufaa sisi yawafae na ninyi.

Jambo la kwanza tulilolifanya halikuhitaji spana. Tulinunua daftari. Nilipomuuliza dereva wetu gari linakula kiasi gani, alinijibu “linakula vizuri tu”; fundi akasema “hizi huenda kumi kwa lita”; mhasibu alikuwa na tarakimu yake ya tatu. Hakuna aliyepima. Kupima ni hivi: jaza tanki hadi juu, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi, endesha kama kawaida yako, kisha rudi kituo kilekile, pampu ileile ikiwezekana, ujaze tena hadi juu. Lita ulizojaza mara ya pili ndizo ulizotumia. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita hizo. Sisi tulitembea kilomita 360 kwa lita 50, yaani kilomita 7.2 kwa lita moja. Kumi ilikuwa hadithi. Rudia mara tatu kabla ya kuamini, kwa sababu safari moja ya matope huharibu hesabu yote. Na mwenye kufunga matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani ajue kwamba dashibodi yake husoma pungufu ya umbali halisi. Ailinganishe kwanza na vibao vya kilomita vya barabara kuu.

Ninasisitiza daftari kwa sababu bila hilo kila mtu atakuuzia kitu. Kuna sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, kuna vidonge vya kutia tankini, kuna vichupa vya ajabu. Shirika la Marekani la Hifadhi ya Mazingira limekwisha kupima zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kupunguza ulaji wa mafuta, na vilivyoonyesha manufaa yoyote vilikuwa vichache mno, navyo manufaa yake yalikuwa madogo. Fedha ya sumaku nunueni chujio.

Daftari lilituonyesha aibu yetu wenyewe. Kila tulipofika kijijini tulisimama chini ya mwembe, injini ikiunguruma, ili kipaza sauti kisimalize betri. Tunasalimiana, tunatangaza, tunarudia, mtu anakuja kuuliza habari za mbolea, tunajibu. Injini ya ukubwa huu ikinguruma bila kwenda popote hunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Vijiji vyote vikijumlishwa, tulikuwa tukitumia kwa kusimama mafuta ambayo yangetufikisha kule tulikoshindwa kufika. Leo tunazima. Betri nzima huvumilia tangazo la robo saa bila shida, na isiyovumilia ni betri ya kubadilishwa, si sababu ya kuchoma dizeli. Ninyi hamna vipaza sauti, lakini nimewaona mnadani mkisubiri mzigo injini ikiwaka, na asubuhi mkipasha gari moto kwa nusu saa mkinywa chai. Injini ya dizeli hupata joto upesi zaidi ikiwa inatembea taratibu kuliko ikiwa imesimama. Dakika moja inatosha, kisha ondoka kwa upole.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilitutia mabishano makubwa mimi na dereva wetu, kaka yangu ninayemheshimu, aliyeendesha magari tangu mimi niko shule ya msingi. Kila tukifika mteremko wa kuelekea mtoni yeye huweka nyutro. “Tunaokoa mafuta,” husema. Wengi wenu mnafanya hivyohivyo, na baadhi huzima kabisa injini. Ndugu zangu, hesabu imegeuzwa kichwa chini. Ukiwa ndani ya gia mteremkoni na mguu umeuondoa kwenye pedeli ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Gavana iliyo ndani ya pampu huona kwamba mzunguko umezidi ule wa kawaida wa kuunguruma, nayo hukata dizeli. Unateremka bure. Ukiweka nyutro, injini haisukumwi tena na kitu, hivyo pampu hulazimika kuilisha ili isizimike. Unateremka kwa kulipia.

Na hilo ndilo dogo. Ukiwa nyutro, uzito wote wa gari na mzigo unaushikilia kwa breki peke yake; zikipata joto kupita kiasi hukanyagwa zikawa kama sponji. Ukizima injini ndiyo hatari zaidi, kwa maana wepesi wa breki za magari haya hutokana na pampu ya vakyumu inayoendeshwa na injini. Mguu utakanyaga mara mbili au tatu, baada ya hapo utakuwa unasukuma ukuta. Siku hizi tunashuka kwa gia ya tatu au ya pili. Kaka yangu bado hajakiri kwa mdomo, ila mkono wake haugusi tena nyutro, nami sidai zaidi ya hapo.

Kwenye lami, mwendo ndio mlaji mkuu. Nguvu ya upepo inayozuia gari hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, upinzani huongezeka kwa zaidi ya nusu. Pikapu haikuchongwa kama samaki, na vipaza sauti vyetu viliifanya iwe mbaya zaidi. Tumeweka vifungo vya kuvitoa. Tukiwa na safari ya makao makuu isiyo na matangazo, vinashuka. Wenye keria tupu juu ya kibanda, nawaomba mzitazame kwa jicho hilohilo. Kuhusu gia, panda mapema, injini ikiwa bado inavuta kwa utulivu, lakini usiing'ang'anize gia ya juu hadi itikisike na kugonga. Na lumbesa sitaizungumzia leo, maana hilo lina wenyewe na sheria yake. Nasema tu kwamba pikapu ya tani moja iliyobeba tani moja na nusu hailalamiki kwa maneno.

Tukaenda gereji. Huko nilijifunza kutazama moshi. Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kutosha, ama chujio la hewa limeziba, ama nozeli zinamwaga badala ya kupuliza, ama pampu imefunguliwa kupita kiasi. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikiwa na joto ni mafuta yasiyoungua, na mara nyingi huashiria taimingi iliyochelewa au mgandamizo uliopungua. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Gari letu lilikuwa na ule mweusi. Chujio la hewa lilikuwa limejaa vumbi jekundu la barabara zetu hadi likafanana na tofali bichi. Likiwa bado zima, lipulizwe kwa upepo wa wastani kutoka ndani kwenda nje. Chujio la karatasi halioshwi kwa petroli, na wala msikubali ushauri wa kulitoa kabisa “ili injini ipumue”. Itapumua vumbi, na vumbi husaga silinda.

Tukakuta pia kwamba fundi fulani wa zamani alikuwa ameipandisha pampu, yaani amegeuza skrubu ya kiasi cha mafuta ili gari lipate nguvu mlimani. Nguvu ilikuja kidogo, moshi ukaja mwingi. Pampu ilirudishwa katika kipimo chake na nozeli zikapelekwa mjini kupimwa kwenye mashine. Hiyo ndiyo gharama pekee iliyotuuma, nami nisingeshauri mtu aanze nayo kabla hajamaliza yale ya bure.

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote kilikuwa themostati, kwa sababu haikuwepo. Nikaambiwa ni desturi: gari likichemsha, fundi huitoa na kuitupa, maji yazunguke muda wote. Kifaa kile kidogo huyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yafikie joto la nyuzi 80 hivi. Bila hicho injini hutembea baridi kwa muda mrefu, hasa asubuhi za milimani kwetu, na injini baridi haiunguzi dizeli vizuri, oili yake hubaki nzito, na silinda huchakaa upesi. Gari linalochemsha lina ugonjwa mwingine: rejeta iliyoziba, pampu ya maji, mkanda uliolegea, kifuniko kisichobana. Utafuteni huo. Tulifunga themostati mpya baada ya kuzibua rejeta, na halijachemsha.

Mengine nayapitia haraka. Upepo wa matairi upimwe asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kipimo, si kwa teke. Kiasi kinachotakiwa kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na kwa kawaida matairi ya nyuma huongezwa gari likibeba mzigo. Breki zinazokwaruza mtazigundua baada ya safari fupi: karibisha kiganja kwenye rimu bila kuigusa, na ile yenye joto kuliko wenzake ndiyo inayokushika. Kwetu ilikuwa ya nyuma kushoto, kwa sababu waya wa breki ya mkono ulikuwa umeganda. Maji yaliyo chini ya chujio la dizeli yafunguliwe mara kwa mara mpaka itoke dizeli safi. Na dizeli inunuliwe kituoni. Ile ya madumu ya kando ya barabara, hata ikiwa na nafuu ya bei, mara nyingine imechanganywa na mafuta ya taa, ambayo kwa kila lita yana nguvu pungufu na hayalainishi pampu inavyotakiwa. Pampu hizi hulainishwa na dizeli yenyewe, hazina oili nyingine.

Daftari letu la mwezi uliopita linasoma kilomita 430 kwa lita 50, yaani 8.6 kwa lita. Bado si kumi ya yule fundi. Lakini zile kilomita 70 za ziada zinakwenda na kurudi vijiji viwili vya mwisho, na katika mizunguko mitatu iliyopita tumefika huko kila mara. Katika mzunguko wa pili nilimkuta yule bibi akianika mihogo uani kwake. Nilimtangazia tarehe ya chanjo kwa mdomo, bila kipaza sauti, akaniambia alikwisha kunisikia tangu nikiwa ng'ambo ya mto.

Gari lipo pale chini ya mwarobaini, boneti imefunguliwa na daftari liko kwenye kiti cha mbele. Mafundi wataonyesha namna ya kutoa maji kwenye chujio la dizeli na namna ya kupima upepo. Aliyekuja na pikapu yake aisogeze karibu, na aizime.