Moshi Usioonekana: Mazungumzo juu ya Bomba la Moshi la Gari

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Dutwa)



Barua ya kunialika ilisema nizungumze juu ya jambo lolote litakalowafaa wanafunzi. Mimi ni mtumishi wa serikali na kazi yangu ni mipango, kwa hiyo nilianza kuandika juu ya mipango. Nikajaza kurasa mbili, nikazichana. Leo nitazungumza juu ya bomba la moshi la gari, ambalo wengi wetu tunaliita ekzosi. Najua mnacheka. Mwenzangu mmoja niliyekaa naye dawati moja ameninong'oneza hapa kwamba sikwenda Chuo Kikuu ili nirudi Dutwa kufundisha kazi ya gereji. Huenda amesema kweli. Lakini nisikilizeni kwanza, maana bomba hilo nusura liniulie mtoto, na mwenye kosa nilikuwa mimi mwenyewe.

Nina gari la petroli, la zamani kidogo, lile la aina ya mlango mmoja mkubwa nyuma. Miaka michache iliyopita lilianza kukosa nguvu mlimani. Nikalipeleka kwa fundi. Fundi akaniambia, "Mzee, masega yameziba. Tuyatoe, gari litapumua." Masega ni ile sehemu ya bomba la moshi yenye vitundu vidogo vingi kama sega la nyuki. Sikuuliza kwa nini yameziba. Fundi akayakata, akachomelea kipande cha bomba tupu mahali pake, na yale masega akayanunua kwangu kwa fedha iliyotosha kujaza nusu ya tangi la petroli. Nikaondoka nikijiona mjanja.

Baada ya miezi kadhaa mama yangu alianza kulalamika kwamba kila akipanda gari langu kichwa humuuma. Alisema hivyo mara tatu. Mara zote tatu nilimjibu kwamba ni uzee na njia mbaya.

Usiku mmoja wa masika tulikuwa tunatoka kijijini kurudi Bariadi. Mvua ilikuwa kubwa, na vioo vyote tulikuwa tumevifunga. Nyuma alikaa mama pamoja na binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne. Tulikwenda polepole kwa muda mrefu katika tope la mbuga, na wote mnalijua tope hilo jinsi linavyoshika magurudumu. Tulipokaribia barabara kuu hapa Dutwa mama akasema, "Mwanangu, hebu simama. Kichwa kinanipasuka, na huyu mtoto simwelewi."

Nikasimama, nikafungua milango. Mtoto alikuwa amelala, nikamwita asiamke. Nikamtoa nje kwenye mvua, nikamtikisa. Ilipita dakika ambayo siwezi kuieleza. Kisha akatapika, akalia. Sijapata kufurahia kilio kama siku ile.

Hospitalini nikasema ni malaria. Wakapima, hakuna malaria. Wakamtia kile kipimo cha kidoleni, nacho kikasema oksijeni katika damu inatosha. Ndipo daktari kijana akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Mmekuja na gari gani, na vioo vilikuwaje?" Nilipomjibu, aliwawekea oksijeni mama na mtoto papo hapo. Wote wawili wakapona.

Sasa, ninyi mnaosoma kemia, nisaidieni kueleza. Petroli ikiungua vizuri hutoa kaboni dayoksaidi na maji. Isipopata hewa ya kutosha hutoa pia kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Damu inabaki nyekundu, lakini haibebi tena kile kinachohitajika. Kipimo cha kawaida cha kidoleni hakiwezi kutofautisha damu ya namna hiyo na damu yenye oksijeni, na ndiyo sababu kilituambia uongo. Hewa ikiwa na sehemu 1,600 za gesi hiyo katika kila sehemu milioni moja, mtu huumwa kichwa na kichefuchefu katika dakika 20 hivi, na anaweza kufa ndani ya saa 2. Akitolewa kwenye hewa safi, damu huchukua kama saa 4 au 5 kupunguza nusu ya gesi hiyo. Akipewa oksijeni tupu, huchukua kama saa moja na nusu. Ni gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa katika nyumba iliyofungwa.

Kesho yake niliingia chini ya gari. Pale fundi alipochomelea palikuwa na ufa wa kupitisha kucha, na pembeni yake masizi meusi. Juu ya ufa huo, kwenye sakafu ya gari, kizibo kimoja cha mpira kilikuwa kimeanguka. Ule mpira wa mlango wa nyuma nao ulikuwa umechoka, na gari linapokwenda huvuta moshi wake lenyewe kwa nyuma. Kwa hiyo moshi ulikuwa na milango miwili ya kuingilia, na mimi nilikuwa nimefunga vioo vyote usipate pa kutokea. Zaidi ya hayo, kazi ya masega niliyoyauza ilikuwa ni hiyo hasa: kugeuza kaboni monoksaidi iwe kaboni dayoksaidi kabla haijatoka nje. Ndani yake mna madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, na ndiyo maana wanunuzi huyatafuta sana.

Tangu siku hiyo nimejifunza mfumo huu kama mtu anayejifunza kwa ajili ya mtihani. Naomba niwaeleze kwa ufupi.

Moshi hutoka kwenye injini na kuingia kwenye manifoldi. Kutoka hapo hupita bomba la mbele, kisha masega, kisha sailensa moja au mbili, kisha mkia. Bomba zima limening'inizwa kwa mipira. Kila lita moja ya petroli inayoungua hutoa maji yanayokaribia lita moja. Gari likienda mwendo mrefu maji hayo hutoka yakiwa mvuke. Likienda safari fupi fupi, kutoka nyumbani hadi ofisini, hubaki ndani ya sailensa pamoja na asidi na kuila kutoka ndani. Kwa hiyo sailensa inaweza kuonekana nzima kwa nje kumbe imekwisha. Mkiona tundu dogo la duara chini ya sailensa, msiliite ubovu: nyingi hutengenezwa nalo ili maji yatoke. Msilizibe.

Ukaguzi hauhitaji fedha. Asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa nje penye hewa, liwasheni na kusikiliza. Mlio wa tik-tik unaopungua injini ikipata joto mara nyingi ni gasketi ya manifoldi au ufa unaojiziba chuma kinapotanuka. Kisha mwenzenu avae glovu nene na kuziba mkia kwa kitambaa chenye maji kwa sekunde chache. Penye tundu mtasikia mfoko. Zimeni injini, mtazame kila kiungo kama kina masizi, mtikise bomba kuona kama mipira imekatika, na mgonge sailensa kwa mpini wa bisibisi. Chuma kizima hulia. Chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya kopo lenye mchanga. Tazameni pia moshi wenyewe: wa bluu ni oili inaungua, mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi, na mweupe mzito usiokoma hata injini ikiwa na joto huenda ni maji ya rejeta yanaingia kwenye injini.

Ikiwa ni lazima kubadilisha, fanyeni kazi kwenye ardhi ngumu na tambarare. Udongo wetu mweusi ukilowa humeza jeki. Zuieni magurudumu, na msiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Wekeni stendi imara. Bomba liwe limepoa kabisa. Nati zenye kutu zipakeni mafuta ya kulainisha tangu jana yake. Nati ikikataa, ikazeni kidogo kwanza ndipo mfungue, kwa maana boliti ya manifoldi ikikatika kazi ya saa moja inakuwa ya siku mbili. Chomoeni waya wa sensa ya oksijeni kabla ya kushusha bomba, na bomba lishikiliwe na kitu lisining'inie kwenye waya huo. Mipira hutoka kwa urahisi ikipakwa maji ya sabuni.

Wakati wa kufunga, wekeni gasketi mpya. Ya zamani hata ikionekana nzima imekwisha kubanwa mara moja. Fungeni viungo vyote kwa mkono kwanza, mlipange bomba lisiguse bodi, tangi, mabomba ya breki wala propela shafti, ndipo mkaze kuanzia mbele kwenda nyuma. Washeni na kusikiliza tena. Baada ya siku chache za mwendo, injini ikiwa baridi, kazeni tena. Kama pana haja ya kuchomelea, kazi hiyo ifanywe bomba likiwa limeteremshwa, mbali na tangi la petroli. Ikishindikana kuliteremsha, betri ikatwe na mafuta yalindwe, na aliyeshika mashine awe fundi anayejua, si mwanafunzi wake. Kiraka ni cha kufikia nyumbani tu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikaribia kuchimba kaburi.

Juu ya masega nina neno moja zaidi. Masega mara nyingi huharibiwa na injini yenyewe. Plagi mbovu hupeleka petroli isiyoungua kwenye masega, nayo huungua humo na kuyayeyusha; injini inayokula oili huyafunika kwa majivu. Gari langu lilikuwa na plagi mbili zilizokufa. Ningenunua plagi mapema, nisingekata kitu. Tulipokuwa wanafunzi, petroli ilikuwa na risasi, nayo risasi huua masega. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na nchi ya mwisho duniani, Aljeria, iliiacha mwaka 2021. Dunia ilihangaika miaka mingi ili masega yaweze kufanya kazi. Halafu mimi nikayauza kwa nusu tangi.

Lingine ni moto. Masega na manifoldi hufikia mamia ya nyuzi za joto. Wakati wa kiangazi, katika msimu wa pamba, msiegeshe gari juu ya nyasi kavu wala karibu na marobota. Sihitaji kuwaeleza watu wa Simiyu pamba inavyoshika moto.

Na kwa kuwa tuko Dutwa: vilima vya Wamangola na Ngasamo mnavyovijua vina nikeli, ambayo watafiti wa madini waliipima. Nikeli ikichanganywa na chuma na kromiamu hutoa chuma kisichoshika kutu, kile kinachotumiwa kutengenezea mabomba ya moshi yanayodumu. Vijana wa kemia, jambo mnalolisoma kitabuni liko pia chini ya miguu yenu.

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kumlaumu fundi. Yeye alisema alilolijua, na kazi ya kuuliza ilikuwa yangu. Mimi nina digrii, lakini sikuuliza "kwa nini" hata mara moja, wakati mama yangu ambaye hakusoma aliniambia ukweli mara tatu. Vijana, elimu mnayopewa hapa ni ya kuuliza swali hilo. Nanyi wenzangu mliokuja na magari, mtu akisema kichwa kinamuuma ndani ya gari lenu, fungueni vioo kwanza, msimame, ndipo mbishane naye.

Nimeshauriana na Mwalimu Mkuu. Baada ya chakula nitakuwa pale chini ya mwembe, gari langu likiwa limeshapoa, na jeki na stendi ninazo. Magari mengine yaliyoegeshwa uwanjani tutayakagua pia, moja baada ya jingine, kama wenyewe wataruhusu. Mwanafunzi anayetaka kujifunza aje na nguo kuukuu. Binti yangu naye yupo. Sasa yuko darasa la tano, na ndiye anayeshika tochi.