Kinga ya Mguu Isifunike Wayo



Vijana wetu wa karate hucheza miguu mitupu. Teke likikutana na kiwiko, kidole cha mguu chaweza kuvunjika. Basi sisi washonaji tukaona hapa pana kazi: tushone kinga.

Kwanza tulikosea. Tulishona kiatu kizima, chini tukaweka soli ya tairi. Kijana alipogeuka kupiga teke, kiatu kikang'ang'ania sakafu, goti likateguka. Alichechemea mwezi mzima. Mama yake akatuuliza, "Mlimshonea kinga au mtego?" Tulinyamaza.

Tukajifunza. Mpiganaji hugeuka juu ya wayo, kwa hiyo wayo uachwe wazi. Katika miaka ya 1970 Jhoon Rhee, mwalimu wa taekwondo huko Marekani, alitengeneza kinga za sponji za mikono na miguu. Kinga za namna hiyo hufunika vidole, juu ya mguu na kisigino. Chini ni mikanda tu ya kushikilia. Tena sponji humsaidia hata yule anayepigwa.

Sasa tufanye hivi. Tubonyeze sponji kwa kidole gumba. Ikilala kabisa, haifai. Mishono ikae nje isikwaruze ngozi. Kila mguu upimwe, maana kinga inayozunguka mguuni humwangusha mtu. Kisha mwalimu wao aijaribu kwanza, ndipo tuuze.

Ndugu, fedha ya kikundi ikipotea tutaitafuta tena. Goti la mtoto wa watu tutalitafuta wapi?