Uhandisi Ujenzi Haukomei Darasani

Msikilizaji, Novemba 16, 2024, ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na kuua zaidi ya watu 20. Kwa msiba ule, namna tunavyomwandaa mhandisi ujenzi ni jambo letu sote.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha uhandisi tangu miaka ya 1970. Shahada huchukua miaka 4: hesabu, tabia za udongo, usanifu wa zege na nondo, upimaji ardhi. Lakini zege haieleweki ubaoni tu. Mwanafunzi atengeneze mchemraba wa zege kwa mikono yake, autunze majini hadi siku ya 28, kisha auvunje kwenye mashine aone umebeba mzigo kiasi gani. Hapo ndipo anapotambua jinsi maji yaliyozidi kwenye mchanganyiko yanavyoiba nguvu ya nguzo.

Kwa hiyo mafunzo ya vitendo yasiwe ya kutafuta saini tu. Wakandarasi, wapokeeni vijana hawa, muwashushe kwenye msingi wakaone nondo zinavyofungwa. Wahadhiri, wafuateni huko huko. Saini bila ujuzi ni kama rangi: huficha ufa, haiuzibi. Mhandisi aliyeiva ndiye kinga ya maisha yetu.