Mazuku si ulozi



Mtoto akikutwa amekufa bondeni asubuhi, wengi wetu tunatafuta mlozi, na lawama inamwangukia bibi kizee asiye na wa kumtetea. Lakini huku Goma na Sake kuna mazuku. Ni gesi ya kaboni dioksidi itokayo ardhini penye volkeno. Haionekani, ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama mashimoni, hasa usiku pasipo upepo. Anayelala chini hukosa pumzi.

Basi tusijenge vibanda mabondeni, wala tusiache watoto wacheze humo alfajiri. Viongozi, wekeni alama za hatari. Tukimfukuza bibi, gesi inabaki palepale, na kesho itaua mwingine.